Nani Alimvua Deraya Shujaa wa Kike?

Kila unapozuka mjadala kuhusu michoro ya wanawake katika vitabu vya njozi na michezo ya kompyuta, wanafunzi wangu hugawanyika. Wapo wanaohoji kwa nini shujaa wa kike huenda vitani nusu uchi, ilhali askari wa kiume aliye kando yake amefunikwa chuma toka utosini hadi nyayoni. Wengine hujibu kwamba ndivyo hadithi hizi zilivyokuwa tangu mwanzo. Jibu hilo ni dai la kihistoria, na linaweza kupimwa.

Mnamo Oktoba 1934, jarida la Marekani liitwalo Weird Tales lilichapisha hadithi ya C. L. Moore, "Black God's Kiss". Mhusika mkuu ni Jirel, mtawala wa ngome ya Joiry katika Ufaransa ya zama za kati. Tunakutana naye akiwa mateka, amefungwa kamba juu ya deraya. Kofia yake ya chuma inapovuliwa ndipo adui anapotambua kuwa alikuwa akipigana na mwanamke. Jalada la toleo hilohilo, hata hivyo, linaonyesha mwanamke aliye karibu uchi akikumbatia sanamu.

Ni rahisi kuwalaumu wanaume na kuishia hapo. Lakini C. L. Moore alikuwa Catherine Lucille Moore, mfanyakazi wa benki mjini Indianapolis, na mchoraji wa jalada, aliyetia saini M. Brundage, alikuwa Margaret Brundage wa Chicago, mwanamke aliyechora kwa malipo katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Mwanamke aliandika, mwanamke akachora. Aliyenunua picha ni mhariri, Farnsworth Wright, aliyetaka jarida lake lionekane na kununuliwa miongoni mwa majarida mengi yaliyoshindana naye.

Mfano wa pili ni wa mwaka huohuo. Robert E. Howard alimbuni Red Sonya, mpiganaji wa upanga na bastola katika kuzingirwa kwa Vienna mwaka 1529. Mwaka 1973 kampuni ya Marvel ilimhamishia katika ulimwengu wa Conan kwa jina la Red Sonja, na hapo mwanzoni alivaa fulana ya deraya. Muda mfupi baadaye mchoraji Esteban Maroto alimchora akiwa na bikini ya magamba ya chuma, na vazi hilo likawa sare yake ya kudumu.

Mwaka 1974 ulipotoka mchezo wa Dungeons & Dragons, na baadaye michezo ya kompyuta, wachoraji walikuwa wamekwisha kurithi mazoea ya majalada kuliko maelezo ya waandishi. Lara Croft wa mwaka 1996 alitangazwa kwa umbo lake kabla ya ujuzi wake. Mwaka 2013 alichorwa upya akiwa na suruali ndefu na mwili wa kawaida zaidi, Rhianna Pratchett akiwa mwandishi mkuu wa kisa chake, na mchezo ukauzwa kwa mamilioni ya nakala.

Basi, si kweli kwamba mwanzo ulikuwa uchi. Waandishi waliwavika mashujaa wao deraya. Biashara ya majalada ndiyo iliyowavua. Kwa vijana wetu wanaojifunza kuchora na kubuni michezo, swali la kwanza lisiwe mchoraji ni mwanamume au mwanamke. Waulize ni nani analipia picha, na anadhani mnunuzi ni nani.