Vita ya Pasifiki ilichezwa mezani kwanza

Wasomaji wetu wanajua mchezo wa kisoro, ambao wengine huuita bao. Watu wawili wanakaa, mashimo yako katikati, kete zote ziko wazi mbele ya macho. Mwenye kucheza peke yake, mkono wa kuume ukishindana na wa kushoto, hajifunzi neno, maana mikono yote miwili ni ya bwana mmoja. Leo tunataka kuongea juu ya mchezo mwingine, ule wa meli za vita katika bahari ya Pasifiki, ambao wakubwa wa majeshi ya Marekani na Japani waliucheza kwa bidii kabla ya kupigana kweli. Mtu atauliza: je, vita ni kitu cha kuchezea? Asubiri kidogo.

Michezo ya namna hii ilikuwako zamani katika jeshi la nchi kavu la Prusia, ambako Reisswitz, afisa kijana, alitoa kanuni zake mwaka 1824. Wamarekani wakaupeleka mchezo baharini. Katika mji wa Newport walikuwa wamefungua chuo cha maofisa wa manowari mwaka 1884. Hapo McCarty Little, afisa aliyepofuka jicho moja, akawafundisha wenzake kupiganisha meli ndogo ndogo juu ya ramani. Katikati ya vita ya kwanza na ya pili ya dunia walicheza mara zaidi ya 300. Kila nchi ilipewa rangi yake: Marekani ilikuwa Buluu, na Japani ilikuwa Machungwa. Sakafu ya ukumbi ndiyo iliyokuwa bahari, imegawanywa kwa miraba, na pazia likawekwa kati ya pande mbili. Kila upande ulijua tu yale ambayo waamuzi waliuletea. Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na kisoro: mwenzako humwoni, unamsikia tu, tena kwa habari zilizochelewa.

Waliocheza upande wa Machungwa walikuwa Wamarekani vilevile, wanafunzi wa darasa moja na wale wa Buluu, nao walitaka sana kushinda. Hilo lilikuwa jambo jema. Buluu ilipokimbilia Ufilipino kwa haraka, ilifika imechoka, meli zimepungua, mafuta hayatoshi. Polepole wakatambua kwamba bahari ile haivukwi kwa mruko mmoja. Ni lazima kuteka kisiwa baada ya kisiwa na kujenga bandari njiani. Chester Nimitz alisoma chuoni humo mwaka 1922 na 1923, naye ndiye aliyepewa kuongoza manowari za Marekani katika Pasifiki mwisho wa mwaka 1941. Baadaye, akiwa mzee, alisema kwamba vita ile ilikuwa imekwisha kuchezwa katika vyumba vya Newport kwa kila namna, wala hakuna kilichowashangaza, ila wale marubani wa Japani waliojitupa pamoja na ndege zao juu ya meli, tangu mwezi wa kumi 1944. Sisi hatuoni ajabu. Nani katika darasa lile angaliwaza kuwaamuru vijana wake wafe hivyo?

Sasa twende upande wa pili wa pazia. Katika siku za kwanza za mwezi wa tano 1942, amiri Yamamoto aliwakusanya wakubwa wake ndani ya manowari yake Yamato, iliyotia nanga Hashirajima, karibu na Hiroshima. Walitaka kujaribu mezani shauri la kuteka Midway, visiwa viwili vidogo katikati ya Pasifiki. Mwamuzi mkuu alikuwa Ugaki Matome, mkubwa wa ofisi ya Yamamoto mwenyewe. Basi, ndege za Japani zikiwa zimekwenda kupiga kisiwa, afisa aliyeshika upande wa Marekani akatuma ndege zake zizipige meli zilizobaki nyuma bila ulinzi. Afisa Okumiya akatupa dadu. Dadu zikasema mabomu tisa yamelenga. Akagi na Kaga, meli mbili kubwa za kubeba ndege, zimezama.

Ugaki akakataa. Akasema mabomu yawe matatu tu: Kaga imezama, Akagi imeumia kidogo. Na mchezo ulipoendelea upande wa Fiji na Kaledonia Mpya, kumbe Kaga ikaonekana tena inaelea! Habari hii tunaipata katika kitabu cha Fuchida na Okumiya. Wanahistoria wameonyesha kwamba Fuchida hakuwa mkweli mahali pengine, lakini hapa tunaye Okumiya aliyetupa dadu kwa mkono wake.

Tuwe wa haki kwa Ugaki. Ndege zilizotoka kisiwani Midway katika vita ya kweli hazikuipata hata meli moja ya kubeba ndege, kwa hiyo kupunguza mabomu hakukuwa upumbavu mtupu. Ubaya uko penginepo. Aliuliza mbele ya wote: kama meli za Marekani zikitokea ubavuni wakati ndege zetu ziko kisiwani, mtafanya nini? Jibu lilikuwa la mkato, halina maana. Naye akaliacha lipite.

Tarehe 4 ya mwezi wa sita swali lile likarudi. Wamarekani walikuwa wamesoma maandiko ya siri ya Japani, na meli zao tatu zilingoja kaskazini-mashariki ya Midway. McClusky, kiongozi wa ndege za meli Enterprise, alifika mahali alipoambiwa akakuta bahari tupu, mafuta yakipungua. Hakurudi. Akaona meli moja ya Japani ikienda mbio, akaifuata. Kadiri ya saa nne na dakika ishirini za asubuhi Akagi, Kaga na Soryu zikawaka moto kwa dakika chache. Hiryu ikafuata jioni. Japani ilipoteza watu 3.000 hivi, Marekani zaidi ya 300. Ndani ya Kaga walikufa zaidi ya 800. Mwaka 2019 watafiti waliikuta Kaga chini ya bahari, mita zaidi ya 5.000.

Mwaka 1964 kampuni ya Avalon Hill ya Marekani iliuza Midway kama mchezo wa nyumbani, na McClusky yuleyule akawa mshauri wao. Wachezaji wawili wanaficha meli zao. Mmoja anataja mraba, na mwenzake hana budi kusema kweli kama yumo. Tangu mwaka 2004 kuna mchezo wa kompyuta uitwao War in the Pacific, ambamo kila zamu ni siku moja ya vita, na kuumaliza kunaweza kuchukua miaka. Mashine yenyewe inaweza kuwa adui, tena haichoki wala hailali. Lakini waliokwisha kuizoea hujua mapema itakapokwenda, ndiyo maana wengi hutafuta mtu, hata akiwa nchi ya mbali, wakamtumia zamu yao jioni, na kungoja jibu lake mpaka kesho.