Printa moja, kompyuta nyingi: mpango usiokwama

Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, saiba ya kompyuta tatu nne hutegemea printa moja, sawa na huku kwetu Likoni au Malindi. Mtu huja na fomu ya cheti cha tabia njema au PIN ya KRA, na printa ikigoma, huondoka mikono mitupu. Ndugu mmoja wa huko ameniuliza aipange vipi yake. Namjibu hapa ili wengine nao wafaidike.

Njia mbili

Ya kwanza: printa huunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta moja, na nyingine hupitia hapo. Ni rahisi, lakini kompyuta hiyo ikizimwa, hakuna anayechapisha. Tena tangu 2021, Microsoft ilipoziba tundu la usalama lililoitwa PrintNightmare, Windows hutaka idhini ya msimamizi kabla ya kuweka draiva ya printa ya namna hii.

Ya pili, ninayoipendekeza: iunganishe printa na rauta, kwa waya au Wi-Fi. Kila kompyuta itaifikia yenyewe.

Anwani ya kudumu

Stima ikipotea na kurudi, rauta yaweza kuipa printa anwani mpya, huku kompyuta zikituma kazi kwa ile ya zamani. Watu hudhani printa imekufa, kumbe imehama. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uitengee anwani moja isiyotumiwa na kifaa kingine, kwa mfano 192.168.1.50. Kisha iongeze printa kwa anwani hiyo katika kila kompyuta.

Foleni ikikwama

Simamisha huduma ya Windows iitwayo Print Spooler, futa mafaili yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uiwashe tena. Kazi zote zilizokuwa zikingoja kwenye kompyuta hiyo zitafutika, basi zitume upya.

Karatasi ya mteja ni amana

Badilisha nenosiri la kiwandani la printa. Wateja wape Wi-Fi ya wageni, iliyotengwa na mtandao wa kazi. Nakala za vitambulisho zilizoharibika zichanwe, zisifungiwe mandazi. Printa kubwa zenye diski huweza kuhifadhi nyaraka, kwa hivyo safisha diski kabla ya kuuza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na sisi tulifunzwa kurudisha amana kabla sheria hiyo haijaandikwa.