Seva Pepe au Seva ya Pekee: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhifadhi Tovuti

Mfanyabiashara wa dagaa na migebuka katika Kata ya Kabwe, wilayani Nkasi, Mkoa wa Rukwa, anayetaka wateja wa Sumbawanga au Mbeya waagize bidhaa kupitia tovuti, hana budi kuamua kwanza tovuti hiyo itahifadhiwa katika seva ya aina gani. Uamuzi huo huzikabili pia shule, vyama vya ushirika na taasisi mbalimbali.

Seva pepe

Seva pepe ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu maalumu. Kila mteja hupata kiasi chake cha kumbukumbu, diski na nguvu ya kichakataji, pamoja na mfumo endeshi wake. Gharama yake ni nafuu, na uwezo huongezwa au kupunguzwa kwa urahisi. Wepesi huo unafaa biashara ya msimu: mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na katika kipindi kama hicho muuza dagaa hana sababu ya kulipia uwezo asioutumia. Hata hivyo, mtoa huduma akiigawa mashine kupita kiasi, mzigo wa mteja mmoja huweza kupunguza kasi ya wengine.

Seva ya pekee

Hii ni mashine nzima inayotumiwa na mteja mmoja. Hufaa mifumo yenye mzigo mkubwa wakati wote au inayohitaji kutengwa kabisa. Gharama yake ni kubwa, kuongeza uwezo huhitaji vifaa vipya, na kifaa kikiharibika huduma huweza kusimama iwapo hakuna mashine mbadala.

Namna ya kuchagua

Tovuti ya kurasa chache hutosheka na seva ya kuchangia. Duka la mtandaoni huanza vyema na seva pepe. Vipimo vya matumizi vikionesha kuwa uwezo umejaa mara kwa mara, hapo ndipo seva ya pekee ifikiriwe. Zote mbili huhitaji mtaalamu wa kusasisha programu, pamoja na nakala rudufu zinazotunzwa mahali pengine, kwa kuwa nakala iliyomo katika seva hiyo hiyo hupotea pamoja nayo.

Matakwa ya sheria

Taasisi za umma huzingatia miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya Mwaka 2019. Kwa upande wake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Hivyo, anayekusanya majina na namba za simu za wateja anapaswa kujua seva yake iko nchi gani kabla ya kusaini mkataba.