Dumuzi na Harufu Yake

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni aliingia mkoani Tabora. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, na wataalamu humwita Prostephanus truncatus. Sisi tulimwita dumuzi, na wakulima wengine wakamwita Scania, kama lile lori. Jina hilo halikuwa la mzaha. Alipotambuliwa kwa hakika mwaka 1981, mahindi yaliyohifadhiwa pamoja na magunzi yake yalikuwa yakigeuka vumbi. Katika baadhi ya vihenge upotevu ulizidi asilimia 30 ya uzito kwa miezi michache tu. Kwa kaya isiyo na akiba nyingine, hiyo ni njaa ya Januari.

Shauri lililotolewa lilikuwa jema: pukuchua, changanya na dawa ya unga, kisha hifadhi. Lakini dawa ni fedha, nayo haimwambii mtu dumuzi amefika wapi.

Dume la dumuzi likishapata chakula kizuri hutoa harufu inayowavuta majike, na madume wenzake pia. Jike akifika, dume huacha kuitoa. (Katika miaka yote niliyofundisha walimu sikupata mfano bora wa tangazo linaloondolewa mlangoni chumba kikishapata mpangaji.) Katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Uingereza waliichambua harufu hiyo, wakatengeneza iliyo kama yake, ikatiwa katika kichupa kidogo cha plastiki ndani ya mtego.

Mitego ikaleta habari isiyopendeza. Ilipotundikwa porini, mbali na mashamba, nako ilinasa dumuzi. Kumbe huzaana hata katika miti mikavu! Basi hata kama kila kihenge kingesafishwa, pori lingewaleta wengine. Tena mtego hunasa hasa wale wanaoruka. Aliyekwisha kujichimbia ndani ya mahindi haitiki wito. Kwa hiyo mtego ni mlinzi wa kupiga mbiu, si askari wa kupigana.

Askari alitafutwa huko huko alikotoka dumuzi: mbawakawa mdogo aitwaye Teretrius nigrescens, ambaye hufuata harufu ile ile ili awale watoto wa dumuzi. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Mahali pengine amestawi, pengine hakufaa sana, na mkulima wa Tabora bado hupukuchua mahindi yake na kununua dawa.