Ungo wa babu na chombo changu cha anga

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima. Mitihani ya katikati ya muhula, si mnajua tena. Leo narudi na stori ndefu kidogo, kwa hiyo kama una haraka ya kuwahi kantini nenda kwanza kale halafu urudi.

Jana usiku mshkaji ninayekaa naye chumba kimoja alirudi toka kujisomea akanikuta nimekaa sakafuni, nimetandaza gazeti, napaka rangi chombo cha anga. Chumba kizima kinanuka thina. Akasimama mlangoni, akakiangalia kile kidude cha mviringo, halafu akasema: "Mzee, huo si ungo huo?" Nikamwambia ndiyo, mimi mtu wa Handeni, usiusogelee usije ukaamkia Bagamoyo. Tukacheka. (Utani wa Handeni na uchawi tumeuzoea, hauumi tena.) Lakini akaongeza swali lililonikera: mtu unasoma historia, bumu lenyewe halitoshi, unapoteza hela kwenye midoli ya watoto wa Kizungu kwa faida gani? Nikakosa jibu la haraka. Hili hapa ndilo la polepole.

Mimi nimekulia Korogwe, Manundu, ila mama yangu ni Mzigua wa Handeni na likizo zote nilikuwa kwa babu mzaa mama. Babu alikata mkonge kwenye mashamba ya Korogwe toka ujana wake. Kazi ilipokwisha akarudi kwao kulima mahindi, na mpakani mwa shamba akapanda mkonge, nadhani kwa mazoea tu. Kwa wasioujua: mkonge ukizeeka unachipua mlingoti mmoja katikati, mrefu kupita nyumba, unatoa maua halafu mmea wote unakufa. Ule mlingoti ukikauka ni mwepesi ajabu, ndani laini, unachongeka hata kwa kisu cha jikoni. Watoto tulikuwa tunachongea magari na maboti.

Sasa huko Manundu kulikuwa na banda la video, na humo ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza chombo cha anga cha mviringo kikikimbizwa katikati ya mawe yanayoelea. Nikarudi Handeni nimechanganyikiwa kabisa. Nikamwelezea babu: kinaruka, kina umbo la sahani, watu wanakaa ndani. Babu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, hizo nyungo hapa tunazo toka zamani, na hazinywi mafuta." Halafu akachukua panga akaenda kuukata mlingoti.

Tulikijenga siku tatu. Vipande vya mlingoti tulivibana kwa njiti za mianzi, injini zilikuwa makopo mawili ya nyanya, madirisha vizibo vya soda. Rangi ilikuwa nyeusi ya mafuta, iliyobaki kwenye kopo baada ya babu kupaka upya baiskeli yake. Makopo yalikuwa yanalegea, kwa hiyo nikayafunga kwa kipande cha kamba ya plastiki, ile ya bluu inayofungia magunia. Babu hakusema kitu. Alikaa akaifungua ile kamba taratibu, akaitupa, akaingia ndani akatoka na singa za mkonge. Akasokota kamba nyembamba pale pale juu ya paja, akafunga mwenyewe. Nilidhani ni uzee tu.

Haya, tuje kwenye historia yenyewe.

Hizi modeli za plastiki za kuunganisha zilianza kivyake kabisa na mambo ya anga. Kampuni ya Airfix ilianzishwa Uingereza mwaka 1939, na modeli yake ya kwanza ya plastiki, mwaka 1949, ilikuwa trekta la Ferguson. Lilitengenezwa ili mawakala wa matrekta wawe na cha kuwaonyesha wateja. Kuliunganisha kiwandani kukawa ghali, ndipo wakaanza kuuza vipande ndani ya boksi, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe. Kwa hiyo ule utamu wote wa kukata vipande kwenye fremu yake, kupiga msasa na kutia gundi, ulianza kama njia ya kubana matumizi!

Vyombo vya anga vikaja baadaye. Mwaka 1966 kampuni ya AMT ya Marekani ilitoa modeli ya Enterprise, chombo cha tamthilia ya Star Trek. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni jinsi watu wa sinema walivyofanya. Mafundi wa filamu ya 2001: A Space Odyssey (1968), na baadaye wa Star Wars (1977), walinunua maboksi ya modeli za vifaru, magari ya mbio na ndege za vita, wakang'oa vipande na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili vionekane vina mitambo. Kile cha mviringo nilichokiona Manundu, Millennium Falcon, mgongoni kimejaa vipande vya namna hiyo. Mwaka 1979 kampuni ya MPC ikakigeuza kuwa modeli ya kuuzwa dukani. Yaani modeli zikazaa filamu, na filamu ikazaa modeli.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Makopo ya nyanya yale! Na wala sisi si wageni wa mchezo huo. Kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, Kongwa na kwingineko, mwishoni mwa miaka ya 1940, yaliletwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Kifaru Tanganyika kikawa trekta, Hollywood kikawa chombo cha anga.

Hata rangi. Rangi maarufu ya modeli ni ya Humbrol, kampuni ya Uingereza iliyoanza mwaka 1919 kama kampuni ya mafuta. Ni rangi ya mafuta ya kung'aa, ndugu wa ile ya baiskeli, ambayo Edward Saidi Tingatinga alianza kuchorea ndege na wanyama juu ya vipande vya masonite Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka ule ule wa 2001. Tingatinga alikufa mwaka 1972, ila rangi yake bado iko kila duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo ninayotumia, maana Humbrol siimudu.

Anga lenyewe nalo halikuwa mbali kama tunavyofikiri. Tunguu, Unguja, kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia safari za Mercury, kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa toka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Babu miaka hiyo alikuwa kijana, yuko shambani na panga lake.

Hapo ndipo pananibana. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf toka Florida mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai Kikogwe, Pangani. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha kama tani 230,000, hakuna nchi iliyoifikia. Halafu bei ikaanguka. Azimio la Arusha na utaifishaji wa 1967 wengi wanautaja, na usimamizi ulikuwa na makosa yake, sikatai. Lakini ulaya na Marekani wakulima walikuwa tayari wameanza kufunga majani yao makavu kwa kamba za plastiki, za bei rahisi, zisizooza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na kama tani 20,000. Korona zikanyamaza moja baada ya nyingine, na babu akarudi Handeni.

Mimi niliyajua haya darasani, mwaka wa pili, nimekaa nyuma kabisa, na hapo hapo nikaiona ile kamba ya bluu ikitupwa.

Sasa hiki ninachokipaka ni plastiki tupu. Nilikiokota kwenye mnada wa mitumba, boksi limechanika, vipande vingi hamna. Injini nimetumia vifuniko vya kalamu na chaja ya simu iliyokufa. Babu siku hizi macho hayaoni vizuri, anapapasa. Atakishika, na atajua mara moja ni kitu gani. Mshkaji anasema nimdanganye ni mti. Siwezi.

Cha mkonge bado kipo, kimening'inia darini, bungua wameshakila upande mmoja lakini fundo la singa halijalegea. Nataka kuviweka pamoja nimuulize mwenyewe.

Koti la pili la rangi nalipaka leo jioni. Basi la Handeni ni Ijumaa asubuhi.