Thogoto: Kanisa la Wasomi na Maseremala

Misheni ya Waskoti haikuanzia Kikuyu. Ilianzia Kibwezi, katika nchi ya Wakamba, mwaka 1891, na fedha zake hazikutoka kwenye sadaka za Jumapili. Zilitoka mifukoni mwa matajiri wa Kampuni ya Imperial British East Africa, wakiwamo Sir William Mackinnon na Alexander Low Bruce, mkwe wa David Livingstone. Wao walimtafuta Dk. James Stewart wa Lovedale, Afrika Kusini, ambako vijana walifundishwa Injili na ufundi chini ya paa moja, wakamwomba aje aanzishe Lovedale nyingine njiani kati ya Mombasa na Uganda. Stewart alikuja, akapata kiwanja, akajenga, kisha akarudi kwao mwaka uliofuata.

Waliobaki Kibwezi waliuona moto. Mahali penyewe palikuwa na maji na miti, na mbu pia. Homa iliwapiga wamisheni mmoja baada ya mwingine. Wengine walizikwa hapo, wengine wakarudishwa pwani wakiwa hoi. Mwaka 1894 daktari wao, David Charters, alitoka kwenda kuwinda na hakuonekana tena. Ukihesabu makaburi na uhesabu waumini, makaburi yalishinda kwa mbali.

Kuna kaburi moja la Kibwezi ambalo si la mmisheni. Agosti 1892 Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu ambaye kampuni ilijenga ngome katika eneo lake, alikamatwa baada ya ugomvi ngomeni humo, akafungwa na kupelekwa pwani. Hakufika. Alifia njiani, Kibwezi. Wakikuyu wamesimulia kizazi hadi kizazi kwamba alizikwa angali hai. Wanahistoria wanabishana juu ya hilo, lakini hakuna anayebisha mahali alipofia. Miaka sita baadaye misheni hiyohiyo ya Kibwezi ilifunga virago na kuhamia kwa watu wa Waiyaki. Mtu akishangaa kwa nini wazee wa Kikuyu hawakukimbilia mahubiri, aanzie hapo.

Aliyewahamisha ni mmisheni Thomas Watson, mwaka 1898. Walitua kwanza Dagoretti, kisha wakapanda kilima cha jirani ambacho ulimi wa Kikuyu, kwa kuwataja Waskoti, ulikiita Thogoto. Walifika wakati mbaya kabisa. Mvua ilikuwa imekatika, sotoka ilishamaliza ng'ombe miaka michache nyuma, ndui ilikuwa inaenea, na misafara ya watu wa reli ilikuwa inanunua chakula kile kidogo kilichobaki. Wakikuyu waliipa njaa ile jina la Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, na jina hilo peke yake linaonyesha walimlaumu nani. Watson aliwapikia wenye njaa na kuwatibu wenye ndui. Watu walikuja kwa ajili ya chakula na dawa, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Mchumba wake, Minnie Cumming wa Dundee, alifika 1899 wakaoana. Ndoa ilidumu mwaka mmoja tu hivi: Desemba 1900 Watson alikufa kwa kichomi. Mjane yule angeweza kupanda treni kurudi Mombasa. Reli ilikuwa imeshapita karibu na mlango wake. Alibaki. Kwa miezi kadhaa aliishika misheni peke yake, na hata walipokuja wanaume wa kuiongoza, shule ziliendelea kuwa zake hadi alipostaafu 1931. Alifariki Uskoti mwaka 1949 na majivu yake yakaletwa Thogoto, alikolala mumewe.

Mwaka 1901 Kanisa la Uskoti lenyewe liliichukua misheni kutoka kwa wale matajiri, likamtuma David Clement Scott. Huyu hakuwa mgeni Afrika. Kule Blantyre, katika nchi inayoitwa leo Malawi, alikuwa amejenga kanisa la matofali lenye kuba na minara, bila kusomea usanifu wa majengo, na kuandika kamusi kubwa ya Kimang'anja. Thogoto alikuja na ndoto kubwa kupita kiasi. Alipata shamba la ekari 3,000 hivi, akataka mazao na mifugo ilipie Injili. Shamba halikulipa; lilileta madeni. Tena ardhi ile ilikuwa na wenyewe kwa mujibu wa mila ya Wakikuyu, na manung'uniko juu yake hayakwisha kwa miongo mingi. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa lililoligharimu kanisa changa zaidi ya mahubiri yoyote mabaya: mhubiri alikuwa pia mwenye shamba, na aliyemsikiliza Jumapili aliweza kuwa mpangaji wake Jumatatu.

Ubatizo wa kwanza wa Thogoto ulikuja 1907, mwaka uleule aliokufa Scott. Hesabu mwenyewe: miaka 9 tangu kuhama, 16 tangu Kibwezi. Miongoni mwa waliobatizwa alikuwa Philip Karanja, mwanafunzi wa Bi. Watson. Usharika uliozaliwa siku zile ulikuwa wa vijana. Mtu mzima mwenye mashamba, wake na mbuzi alikuwa na mengi ya kupoteza. Kijana mchungaji wa mbuzi wa baba yake hakuwa na la kupoteza, na kule kilimani palikuwa na bweni, kalamu na randa. Wenzao waliwaita athomi, yaani wasomi, na mara nyingi neno hilo lilitamkwa kwa dharau.

Mmoja wa wasomi hao alifika mwaka 1909 akijiita Kamau wa Ngengi. Alilala bwenini, akajifunza kusoma, akapewa kazi ya useremala. Ilipofika zamu yake ya kubatizwa, Agosti 1914, alitaka aitwe John Peter. Akaambiwa achague jina moja, naye akayaunganisha kwa namna yake, akatoka ubatizoni akiitwa Johnstone. Dunia ingemjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Mwaka 1920 kikao cha wazee wa kanisa kilimwita kujibu mashtaka mawili: pombe, na kumwoa Grace Wahu kwa mila bila ndoa ya kanisani. Alizuiwa kushiriki Meza ya Bwana na kutakiwa aihalalishe ndoa. Ndoa ya serikali aliifunga 1922.

Nimekisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha jinsi Upresbiteri, mfumo wa kanisa la Waskoti, unavyofanya kazi mashinani. Kanisa hili halina askofu. Linaongozwa na wazee waliochaguliwa na washarika, wakiketi pamoja na mchungaji. Wakikuyu nao walikuwa na kiama, baraza la wazee wanaopanda daraja kwa kutoa mbuzi. Tofauti ilikuwa kwamba mzee wa kanisa hakutoa mbuzi, na angeweza kuwa kijana kuliko mtu anayemhukumu. Utaratibu wenyewe, wa kuketi, kusikiliza pande zote na kutoa uamuzi mmoja, haukuhitaji kufundishwa na Mskoti.

Kutoka Thogoto kanisa lilitambaa kwa miguu ya wenyeji. Tumutumu, karibu na Karatina, ilifunguliwa 1908, na mtangulizi wake alikuwa mwinjilisti Petro Mugo. Wamisheni Wazungu walikuja kukaa baadaye. Chogoria, upande wa Mlima Kenya wa mashariki, ilifuata 1922. Pale makao makuu, Thogoto, Dk. John Arthur, aliyefika 1907, alisimamia hospitali, kisha akashika misheni nzima na kuwekewa mikono ya uchungaji, akatumika hadi 1937.

Juni 1913 kijiji hiki kidogo kilitikisa makanisa ya Uingereza. Wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Thogoto kujadili umoja, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, Wapresbiteri nao wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia alimshitaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa uzushi, na kesi ikafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Umoja uliokusudiwa haukupatikana, ila ushirikiano wa misheni ulizaa Alliance High School, iliyofunguliwa jirani mwaka 1926. Mwaka huohuo wachungaji wa kwanza Waafrika walitawazwa, Musa Gitau akiwa mmoja wao.

Kisha ukaja mwaka 1929. Dk. Arthur alitaka washarika na walimu wakatae hadharani tohara ya wasichana, na kukataa huko kukaambatana na kujitenga na chama cha siasa cha Wakikuyu, Kikuyu Central Association. Waliokubali walitia kidole gumba karatasini, na sakata zima likapewa jina la alama hiyo: kirore. Waliogoma walikuwa wengi mno. Viti vya kanisa vilibaki wazi, madarasa yakapoteza watoto, na waliotoka wakajenga shule zao wenyewe zisizo chini ya misheni. Ufundi waliojifunza Thogoto waliondoka nao.

Waliobaki waliendelea kujenga kanisa la mawe, Church of the Torch, lililofunguliwa 1933. Baadhi ya waliotoka walianza kurudi. Hakuna aliyerudishwa kwa amri ya mmisheni: kila mmoja alipita kwanza mbele ya kikao cha wazee, akaulizwa maswali na watu aliokua nao.