Vidoadoa vya Daktari Salomon

Mwaka 1997 nilimsindikiza dada yangu mkubwa kwenda hospitali moja ya Nairobi. Hakuwa na uvimbe wala maumivu. Shoga yake alikuwa amefariki kwa saratani ya titi, naye akaingiwa na hofu, akataka apigwe picha ya eksirei. Daktari aliitundika ile picha mbele ya sanduku la taa, akatuelekeza kwa ncha ya kalamu. Nilikodoa macho nisione kitu ila wingu jeupe. Akatupa kioo cha kukuzia, na ndipo nilipoviona: vidoadoa vyeupe saba au vinane, vidogo kuliko chembe za chumvi, vimejikusanya mahali pasipozidi upana wa ukucha.

"Hii ni chokaa," akasema.

Dada akamwuliza, "Daktari, ni ule udongo niliokuwa nikila nilipokuwa mjamzito?"

Daktari hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. "Hapana, mama. Haitokani na udongo, wala na maziwa unayokunywa." Akatueleza kwamba ndani ya titi mna mirija ya kupitishia maziwa. Seli zikianza kuzaana ovyo ndani ya mrija, baadhi yake hufa humo humo, na pale zilipofia madini ya kalsiamu huganda. Chokaa nyingi katika matiti ya wanawake ni ya uzee tu au ya kovu la zamani: chembe kubwa, za mviringo, zimetawanyika. Ya kushuku ni ile iliyosagika vipande visivyolingana, iliyosongamana, au iliyojipanga ikifuata mrija kama siafu njiani.

Basi nikataka kujua: ni nani aliyeviona vidoa hivi kwanza? Jibu nililipata vitabuni baadaye, na sijaacha kulifikiria.

Alikuwa daktari wa upasuaji wa Berlin, Albert Salomon. Alichukua matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa kwa upasuaji, akayapiga eksirei, kisha akalinganisha picha na nyama yenyewe. Shabaha yake ilikuwa kujua jinsi saratani inavyosambaa kuelekea makwapani, ili mpasuaji ajue akate mpaka wapi. Aliyachapisha hayo mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 30. Katika baadhi ya picha zake aliona vidoadoa vyeusi katikati ya uvimbe, kwa kuwa picha zake zilionyesha cheusi pale ambapo zetu huonyesha cheupe. Aliviona, akaviandika, akapita. Hakujua kuwa ni chokaa inayoweza kuitangaza saratani kabla kidole hakijaigusa.

Simlaumu. Mtu huona kwa swali alilo nalo mkononi, na swali lake lilikuwa jingine. Isitoshe, mwaka uliofuata vita vikuu vilizuka. Mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, Salomon, aliyekuwa Myahudi, alizuiwa kufanya kazi chuoni. Mwaka 1938 alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, na baada ya kuachiwa alikimbilia Uholanzi. Binti yake wa pekee, Charlotte, mchoraji, alikuwa amepelekwa Ufaransa kwa usalama. Huko alikamatwa, na mwaka 1943 akauawa Auschwitz akiwa mjamzito. Baba alisalimika, na baada ya vita akakabidhiwa mamia ya michoro ya mwanawe. Alifariki Amsterdam mwaka 1976. Mara nyingi nimewaza juu ya mzee huyo, aliyeishi mpaka akaona wengine wakiisoma alama aliyoipita ujanani.

Aliyeisoma ni Raúl Leborgne wa Montevideo, Uruguay. Yeye aliona kwamba titi likibanwa vizuri kabla ya kupigwa picha, yaliyojificha hujitokeza. Mwaka 1951 aliandika waziwazi juu ya chokaa katika saratani ya titi, pamoja na namna ya kuitofautisha na ile isiyo na madhara. Kutoka Berlin hadi Montevideo ilipita miaka 38. Yaliyofuata yalikwenda upesi: Robert Egan wa Houston alipata namna ya kupiga picha ambayo hospitali nyingine ziliweza kuiiga, na Charles Gros wa Strasbourg, Ufaransa, akasimamia uundaji wa mtambo wa titi peke yake. Mwaka 1963 New York ilianza jaribio la wanawake wapatao 62,000, na baada ya miaka kadhaa vifo vya saratani ya titi vilionekana kuwa vichache zaidi kwa walioitwa kupimwa.

Sasa wapo wataalamu wanaolalamika, na si bure, kwamba saratani nyingine zinazokutwa kwa chokaa zingelala mrijani maisha yote bila kumdhuru mwenyewe, na kwamba wanawake wengine wamekatwa pasipo haja. Ugumu ni kwamba wakati wa kuamua hakuna awezaye kusema kwa hakika ipi italala na ipi itaamka.

Dada hakutaka kungoja. Siku ya upasuaji waliingiza waya mwembamba kwa sindano, wakiongozwa na eksirei, maana vidole vya mpasuaji visingehisi kitu. Kipande kilipotolewa, hakikupelekwa moja kwa moja maabara. Mhudumu alikichukua mbiombio hadi chumba cha eksirei, kikapigwa picha peke yake, vilevile kama alivyofanya Salomon, huku dada amelazwa mezani akingoja. Vidoa vyote vilikuwamo. Majibu ya maabara yalisema ni saratani, ingali ndani ya mirija, haijatoka nje. Leo dada ni bibi wa wajukuu watano, na ile picha anayo kabatini, ndani ya bahasha ya kahawia.